Kubadilisha kipozaji cha prosesa: hatari iko kwenye kuvua, si kwenye kufunga

Msomaji anauliza: "Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa ya Ryzen 5 3600 na mpaka leo inatumia feni ndogo iliyokuja nayo. Nikicheza gemu au nikihariri video joto linafika digrii 90 na kelele inasikika hadi chumba cha pili. Nimenunua kipozaji cha mnara chenye feni mbili za milimita 120, lakini wiki tatu sasa kiko kwenye boksi, ninaogopa kukigusa. Je, ni lazima niutoe ubao mama kwenye kasha? Pesti nipake kwa mtindo gani, maana kila video inasema lake? Feni zielekee wapi? Na nitajuaje kwamba nimefunga sawasawa?"

Hofu yako naielewa, ila umeielekeza pasipo pake. Karibu kila anayeniuliza juu ya vipozaji anaanza na pesti, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na kipozaji: tone moja, msalaba, mstari, au kuisambaza kwa kadi. Pesti ina umuhimu wake, nitaifikia, lakini sijawahi kuona prosesa iliyokufa kwa sababu mtu alichora msalaba badala ya tone. Nimeona zilizopinda pini kwa sababu mtu aling'oa kipozaji cha zamani kwa nguvu. Kwenye mashine ya aina yako, dakika mbili za kuvua ndizo zinazohitaji akili yako yote. Kufunga kipya ni kazi ya subira tu.

Kabla ya kugusa bisibisi, hakikisha mnara wako unaingia ndani ya kasha. Kwenye karatasi ya kipozaji kuna kipimo cha urefu, na kwenye maelezo ya kasha kuna urefu wa juu kabisa wa kipozaji kinachokubalika. Minara mingi yenye feni za milimita 120 iko kati ya milimita 150 na 160. Mikubwa zaidi, kama Noctua NH-D15, inafika 165, na makasha membamba hayaipokei. Tazama pia RAM. Feni ya mbele huning'inia juu ya nafasi za RAM, na kama RAM zako zina ngao ndefu za urembo, itabidi feni hiyo ipandishwe juu kidogo. Ukiipandisha milimita 10, huenda kifuniko cha ubavuni kisifunge. Ni hesabu ya dakika moja, na ni bora uifanye sasa kuliko ukiwa umeshapaka pesti.

Halafu fungua vifuko vya skrubu na utenganishe. Prosesa yako inakaa kwenye soketi ya AM4. Soketi ya AM5 iliyoifuata imebaki na umbali uleule wa matundu ya kipozaji, kwa hiyo usishangae kuona kifuko kimoja kimeandikwa AM4 na AM5 pamoja. Vya prosesa za Intel viweke pembeni. (Kwa msomaji mwenye Intel: tazama namba ya soketi kwa makini. Matundu ya LGA1200 yako umbali wa milimita 75, ya LGA1700 ni 78. Tofauti ni milimita 3 tu, lakini vishikizo havibadilishani, na anayelazimisha huishia kupata mkandamizo wa upande mmoja.)

Sasa kuvua. Inafaa ujue kwa nini AM4 ina sifa mbaya katika jambo hili. Pini zake 1331 ziko chini ya prosesa yenyewe, nazo huzama kwenye matundu ya soketi. Kuna wenzo mdogo pembeni unaozibana, lakini ubanaji wake ni wa kiasi tu. Juu ya prosesa hakuna fremu ya chuma inayoishikilia, tofauti na soketi nyingi za Intel na tofauti na AM5. Pesti ya kiwandani nayo, ikikaa miaka kadhaa, hukauka ikawa kama gundi. Ukishika kipozaji ukakivuta wima, unashindanisha gundi na wenzo, na mara nyingi gundi inashinda: prosesa inang'oka kwenye soketi ikiwa imeganda chini ya kipozaji, wenzo ukiwa bado umefungwa.

Mimi yalinikuta na Ryzen ya kwanza niliyowahi kufungua. Nilikuwa nimeshafungua kompyuta nyingi, kwa hiyo nilijiona mjuzi. Nikavuta, nikasikia mlio mdogo, nikageuza kipozaji na kuiona prosesa imening'inia pale chini na pini zake nje. Pini nne za pembeni zilikuwa zimelala. Nilizinyoosha kwa ncha tupu ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, moja baada ya nyingine, kwa muda wa saa nzima nikiwa nimebana pumzi. Ilikubali kuwaka. Sitaki uipitie saa hiyo.

Dawa yake ni joto. Washa kompyuta, cheza gemu au endesha kazi nzito dakika 10 hadi 15, pesti ilainike. Kisha zima, zima swichi ya nyuma ya pawa saplai, chomoa waya wa umeme, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Usingoje ipoe. Ilaze kompyuta ubavu, vua vifuniko vyote viwili, na gusa chuma cha kasha ambacho hakijapakwa rangi kabla ya kugusa kitu kingine, ili umeme tuli ulio mwilini mwako utoke. Chomoa waya wa feni kwenye ubao mama.

Hapo ndipo linapojibiwa swali lako la kwanza. Tazama upande wa nyuma wa bamba linaloshikilia ubao mama. Makasha mengi ya miaka ya karibuni yana dirisha lililokatwa nyuma ya prosesa. Ukiliona, huna haja ya kutoa ubao mama. Dirisha hilo ni la lazima kwako kwa sababu moja: kipozaji kilichokuja na 3600, kile kinachoitwa Wraith Stealth, kimefungwa kwa skrubu nne zenye springi zinazoingia moja kwa moja kwenye bati lililo nyuma ya ubao. Ukishazilegeza zote, bati halina kitu cha kulishika. Linaanguka. Watu wengi husikia kitu kikigonga ndani ya kasha na kudhani wamevunja kitu. Mwombe mtu alishikilie kwa nyuma, au libane kwa utepe wa gundi kupitia dirishani kabla ya kulegeza skrubu. Vipozaji vingi vya mnara hulitumia bati hilohilo, kwa hiyo usilitupe. Kama maelekezo ya chako yanasema kina bati lake, basi fuata maelekezo.

Kama hakuna dirisha, pole, ubao utoke. Piga picha ya kila waya kabla ya kuchomoa, hasa nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia, na uhesabu skrubu. Ubao wa ukubwa wa ATX kwa kawaida una 9. Ukiacha moja chini ya ubao inaweza kuleta shoti.

Skrubu nne za Stealth zilegeze kwa mkingamo: mizunguko miwili hapa, miwili kwenye kona inayoikabili, hivyo hivyo mpaka zote ziachie. Sasa usivute. Shika kipozaji kwa mikono miwili na ukizungushe kidogo kushoto na kulia, kama unayefungua kifuniko cha chupa kilichokaza. Utahisi pesti inaachia na kipozaji kinaanza kuteleza. Ndipo unakiinua kwa kukitanguliza upande mmoja. Kikigoma, rudisha skrubu na waya wa feni, washa tena kompyuta, pasha moto upya. Hakuna aibu katika kurudia mara mbili.

Na ikitokea prosesa imetoka nacho licha ya yote hayo? Itelezeshe kando kutoka kwenye kipozaji, usiibandue kwa kisu. Kagua pini kwa taa ukiwa umeziinamishia jicho usawa wa safu zake, maana iliyopinda huonekana mara moja. Inua wenzo wa soketi, linganisha pembetatu ndogo ya dhahabu na alama iliyo kwenye soketi, na uiachie prosesa idondoke yenyewe. Isipozama bila nguvu, kuna pini haijanyooka. Ikishazama, shusha wenzo.

Kusafisha hakuhitaji maneno mengi. Pombe ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, kitambaa kisichoacha nyuzi, futa mpaka bamba la prosesa ling'ae na maandishi yasomeke. Usitumie dawa ya kuondolea rangi ya kucha wala manukato, maana huacha mafuta. Prosesa ibaki kwenye soketi wakati unafuta.

Pesti, basi. Bamba la juu ya prosesa na kitako cha kipozaji vinaonekana laini kwa macho, lakini ukivikuza vina mabonde na vilima. Vikigusana, mabonde hujaa hewa, na hewa ni mpitishaji duni sana wa joto: uwezo wake ni takribani wati 0.025 kwa mita kwa kila digrii. Pesti nzuri ziko kati ya 4 na 12 hivi. Shaba inakaribia 400. Soma tena namba hizo tatu na utaona pesti ni nini hasa. Ni bora zaidi ya mara mia kuliko hewa, na ni hafifu makumi ya mara kuliko shaba. Kazi yake ni kuziba mabonde tu, si kuwa godoro. Tunataka chuma kikaribie chuma, na pesti ibaki pale tu chuma kinaposhindwa kufika. Ndiyo maana mkandamizo wa skrubu una thamani kuliko mchoro wowote utakaochora. Ukikaza vizuri, pesti ya ziada husukumwa nje yenyewe.

Kwa prosesa yako nina ushauri mmoja mahususi. Chini ya bamba la 3600 hakuna kipande kimoja cha silikoni katikati. Kuna viwili: kimoja cha kuunganisha mawasiliano, na kingine kidogo cha takribani milimita za mraba 74 chenye viini vyote sita vya kufanyia hesabu, nacho kimesogezwa pembeni. Joto karibu lote linatoka kwenye kipande hicho kidogo kisicho katikati. Kwa hiyo tone moja dogo sana la katikati linaweza lisifike linakohitajika. Weka tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati, na vitone vinne vidogo karibu na kona. Usisambaze kwa kidole, acha mkandamizo ufanye kazi. Ikimwagika kidogo pembeni, si neno, kwa sababu pesti za kawaida hazipitishi umeme. Ila achana kabisa na ile inayoitwa metali ya maji. Inapitisha umeme, na galiamu iliyomo hula alumini. Si kitu cha kujifunzia.

Kabla ya kushusha mnara, geuza kitako chake. Kuna karatasi ya plastiki inayong'aa? Ibandue. Najua unaona ni jambo la wazi, lakini ni kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote kwenye mashine zinazoletwa kwa malalamiko ya joto, na wengine walikaa nayo miezi.

Jambo jingine la kufanya mapema: hakikisha waya wa umeme wa prosesa, ule wenye pini 8 kwenye kona ya juu kushoto ya ubao, umechomekwa. Mnara ukishakaa, vidole havipiti pale.

Ufungaji wenyewe uko hivi kwenye minara mingi. Nguzo nne zinaingia kwenye bati la nyuma, juu yake vinakaa vishikizo viwili vya chuma, na mnara unafungwa juu ya vishikizo kwa skrubu mbili zenye springi. Pima kwanza bila pesti, uone vishikizo vimekaa upande unaofanya mapezi ya mnara (zile bamba zake nyembamba za chuma) yapitishe hewa kutoka mbele ya kasha kwenda nyuma. Vua feni ili bisibisi ifike. Paka pesti, shusha mnara wima, ushikilie usizunguke. Anza skrubu ya kwanza mizunguko miwili au mitatu tu, ishike uzi. Nenda ya pili, fanya vilevile. Rudi ya kwanza. Endelea kupokezana mpaka kila moja ifike mwisho na kusimama yenyewe. Springi zimepimwa kiwandani, kwa hiyo usilazimishe baada ya hapo, na usiache ikiwa inazunguka kirahisi. Anayekaza moja mpaka mwisho ndipo aende ya pili hufanya kitako kiinamie upande mmoja, na pesti husukumwa upande wa pili.

Halafu utapata hamu ya kuinua mnara "uone kama imesambaa". Usiinue. Ukiinua hewa inaingia, na hapo ni kufuta vyote na kuanza upya.

Feni zina uso na mgongo. Upande ulio wazi, unaoonyesha mapanga bila kizuizi, ndio unaovuta hewa. Upande wenye mikono ya plastiki inayoshika mota ndio unaotoa. Feni nyingi zina pia mishale midogo ubavuni. Zote mbili zielekee upande mmoja: ya mbele inasukuma hewa kwenye mapezi, ya pili inaivuta na kuikabidhi feni ya nyuma ya kasha. Zikikabiliana, zinagombana na utasikia kelele bila ubaridi. Zichomeke kwa waya wa kugawanya kwenye pini 4 zilizoandikwa CPU_FAN. Ukichomeka penginepo, bodi nyingi hukataa kuendelea na kuonyesha onyo kwamba feni ya prosesa haipo.

Ukiwasha mara ya kwanza na ukaona joto linapanda haraka, usidhani umeunguza kitu. Hofu ya prosesa kuungua ina historia: mwaka 2001 Tom's Hardware walionyesha video ya Athlon ya AMD ikifuka moshi baada ya kipozaji kuondolewa ikiwa kazini, huku Pentium 4 ya Intel ikipunguza kasi na kuendelea. Enzi hizo zimepita. Ya kwako inajipunguzia kasi yenyewe ikifika digrii 95, na hali ikizidi inajizima.

Ingia kwanza kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya mfumo kuwaka) na uangalie kwamba feni zinasomeka na joto limetulia. Kisha ndani ya mfumo endesha kipimo kizito kama Cinebench dakika 10 hadi 15 huku programu ya HWiNFO ikiandika joto. 3600 imeandikwa wati 65, lakini kikomo chake halisi kwenye soketi ni wati 88, na mnara wa feni mbili unazimudu bila jasho. Kati ya digrii 60 na 75 kwenye kazi nzito, ujue umefunga vizuri. Jinsi joto linavyopanda inaeleza zaidi kuliko namba yenyewe. Likiruka hadi 90 ndani ya sekunde chache, kitako hakijagusa sawasawa: karatasi ya plastiki, skrubu iliyolegea, au pesti haikufika. Likipanda polepole kwa dakika kadhaa kisha likagoma kushuka, mnara unafanya kazi ila kasha halipumui. Vua kifuniko cha ubavuni na upime tena. Likishuka digrii 5 au zaidi, tatizo ni feni za kasha, usiuguse tena mnara.

Jambo moja litakusumbua hata ukifunga kwa ustadi wote. Ukiwa hufanyi kitu, joto litakuwa linaruka kutoka 38 hadi 50 na kurudi, na feni zitafuata kwa mawimbi ya kelele. Huko si kufunga vibaya. Kile kipande kidogo cha silikoni hupandisha kasi ghafla kwa kazi ndogo, na joto lake halipati muda wa kusambaa. Nenda kwenye mipangilio ya feni ndani ya BIOS, utafute sehemu ya kuchelewesha mabadiliko ya kasi, uweke sekunde chache, na uache feni zizunguke kwa kasi ileile ya chini mpaka digrii 60 hivi. Hapo ndipo utakapopata ule utulivu ulioununulia kipozaji.

Ukihamisha kompyuta kwa gari, ilaze ubavu huku ubao mama ukiwa chini na mnara ukiangalia juu, uzito usivute soketi njiani. Na ile Stealth usiitupe. Ifunge kwenye mfuko pamoja na skrubu zake nne, pamoja na vifaa vya Intel ulivyoweka pembeni. Siku feni ya mnara ikifa usiku na una kazi ya kuwasilisha asubuhi, utaitafuta.